Tanki la duara na upepo wa pwani: mwongozo kamili wa kuchora pleti zilizopinda na kuweka lodi ya upepo kwenye softiwea

Wakuu habari za kazi. Hii nimeiandika kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi za straksha (hesabu za uimara wa majengo) huku kusini, Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, kote huku, mana naona kila mwezi kuna mtu ananitumia modeli ya tanki au silo au paa la mviringo, ameipaka rangi zote nzuri, stresi nyekundu na bluu, halafu ukimuuliza upepo jumla ni kilonyutoni ngapi hajui. Softiwea haijui upepo unavopita kwenye kitu cha duara. Inajua pleti, nodi (zile nukta za kona za pleti) na namba ulizoandika, basi. Ukiipa namba za uongo inakurudishia uongo wenye rangi. Kwa io mwongozo wote huu unazunguka kwenye kitu kimoja: kabla hujaangalia rangi yoyote uwe na namba yako ya mkono kwenye karatasi, na modeli ije ifanane na karatasi, sio karatasi ifanane na modeli.

Natumia STAAD.Pro na SAP2000 kwa sababu ndo nazijua na ndo wengi wanazo, ila hatua ni zilezile hata ukiwa na nyingine.

Mfano wetu

Tuchukue tanki la maji la chuma, tupu, duara, kipenyo mita 10 (kwa io R = mita 5), urefu mita 8, pleti ya milimita 6, limekaa chini juu ya zege, sehemu iliyo wazi kama Shangani ya Mtwara pale karibu na bahari. Mtaniuliza kwa nini tanki tupu na sio lililojaa. Likijaa maji linajisukuma nje na maji yanalishikilia chini, upepo haulisumbui kitu. Likiwa tupu ndo linabonyea kama kopo. Na huku kwetu tanki linakaa tupu mara nyingi tu, wakati wa ujenzi, wakati wa kupaka rangi ndani, wakati pampu imekufa.

Hatua ya kwanza: upepo wako ni wa namna gani

Hapa ndo kosa kubwa kuliko yote linapozaliwa na halionekani kabisa kwenye kioo. Spidi ya upepo bila kusema imepimwa kwa muda gani haina maana. Eurocode (kanuni za ujenzi za Ulaya, zile zenye namba za EN) inaanza na wastani wa dakika 10. ASCE 7 ya Marekani na ile CP3 ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1972, ambayo wazee wengi bado wanayo mezani, zinatumia dharuba (upepo wa ghafla) ya sekunde 3. BS 6399 sehemu ya 2, nayo ya zamani ya Uingereza, inatumia wastani wa saa nzima. Upepo uleule mmoja, kwenye eneo la wazi, dharuba ya sekunde 3 inakuwa kubwa karibu mara 1.4 ya wastani wa dakika 10, na karibu mara 1.5 ya wastani wa saa. Presha inakwenda na spidi mara spidi, kwa io ukichanganya hivi vitu viwili umekosea presha mara mbili nzima. Mtu anachukua spidi ya dharuba anaiweka kwenye formula ya Eurocode inayoongeza dharuba tena juu yake, au anafanya kinyume chake, na hii ya kinyume ndo ya hatari.

Kwa io nenda TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), omba rekodi za kituo kilicho karibu nawe, na usiondoke bila kuuliza hizi namba ni wastani wa muda gani na zimepimwa urefu gani kutoka chini (kawaida ni mita 10). Zikija kwa noti, noti moja ni mita 0.514 kwa sekunde. Halafu kaa na injinia aliyesajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) anayesaini michoro mkubaliane, usijiamulie peke yako.

Mimi hapa kwa ajili ya mfano tu nachukua spidi ya dharuba mita 40 kwa sekunde, kwa sababu hesabu inakuwa rahisi (q ni presha ya upepo, 1.25 ni uzito wa hewa):

q = 0.5 × 1.25 × 40 × 40 = 1000 N/m², yaani 1.0 kN/m²

(CP3 ingekupa 0.613 × 1600 = 981, ni uzito wa hewa tu umetofautiana.) Msije mkaichukua hii 40 mkaiweka kwenye kazi ya mtu. Tusisahau tuko wapi jamani. Kimbunga cha mwaka 1952 kiliipiga Lindi yenyewe. Kenneth tarehe 25 Aprili 2019 iliingia nchi kavu hapo jirani tu, Cabo Delgado, siku ile huku Mtwara tulikaa roho mkononi. Hidaya Mei 2024 ikaja juu kidogo, Mafia na Kilwa. Zamani tulikuwa tunaambiwa vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, mi siisemi tena hiyo kauli. Spidi ikipanda kutoka 40 kwenda 55, presha inatoka 1.0 inafika 1.89, karibu mara mbili, wakati spidi yenyewe haijaongezeka hata nusu.

Na kama kazi yako iko Newala, angalia kiwanja kiko wapi. Mji umekaa ukingoni mwa nyanda za Makonde, ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma lote liko chini yako. Upepo ukipanda ukingo kama ule unabanwa na unaongeza spidi juu kabisa. Eurocode inakutaka uhesabu athari ya mlima kama mwinuko unaongeza spidi zaidi ya asilimia 5, na pale ukingoni inaongeza. Tanki lilelile likienda Mtwara mjini na likienda ukingoni Newala sio kazi moja.

Hatua ya pili: kuchora duara

Softiwea nyingi hizi hazina pleti iliyopinda kweli. Kila pleti ni bapa, duara lako ni pembe nyingi zilizoshikana. Swali ni ngapi. Kwa tanki letu, ukigawa pembe 24 (kila moja nyuzi 15), katikati ya pleti inaingia ndani ya duara la kweli kwa milimita 43. Ukigawa 36 ni milimita 19. Ukigawa 72, nyuzi 5 kila moja, inabaki karibu milimita 5 tu. Eneo la ukuta halibadiliki sana, hata kwa 24 unapoteza chini ya asilimia 0.3, kwa io watu wanajifariji kwamba 24 inatosha. Shida sio eneo. Shida ni kwenye kona za pleti na pleti, pale nguvu inayozunguka duara inalazimika kukata kona na inaleta kupinda kwa uongo ambako kwenye tanki la kweli hakupo. Mi natumia 72 kwa tanki la size hii na laptopu yoyote ya leo inabeba.

Namna ya kuchora: tengeneza mstari mmoja wa wima wa nodi kwenye mita 5 kutoka katikati, tengeneza safu moja ya pleti kati ya nyuzi 0 na nyuzi 5, halafu nakili kwa mzunguko mara 71. STAAD ni amri ya Circular Repeat, SAP2000 ni Replicate upande wa Radial. Kumbuka STAAD wima ni Y na SAP2000 wima ni Z, ukihamisha modeli kutoka huku kwenda kule tanki linalala chali. Ukimaliza kunakili, unganisha nodi zilizorudiana. Usipofanya hii hatua vizuri utaishia na mshono wa wima ambapo ukuta haujashikana, tanki linafunguka kama mlango na utashangaa kwa nini linasogea mita mbili.

Nawaomba sana msitumie amri ya kuakisi kwa kioo kupata nusu ya pili. Sababu nakuja nayo hatua ya nne, ni habari ndefu.

Wima sasa. Sehemu ya juu ya tanki safu za sentimita 40 zinatosha, zinakaribiana na upana wa pleti ambao ni sentimita 43.6. Ila chini, pale ukuta unaposhikwa na msingi, kuna eneo dogo ambalo kupinda kunatokea na kuisha haraka sana. Ukubwa wake unaendana na kipeuo cha pili cha R × t (t ni unene wa pleti), kwetu ni √(5 × 0.006) = mita 0.17, na wimbi lenyewe linaisha kwenye kama sentimita 42. Ukiweka pleti moja ya sentimita 40 pale, wimbi zima limeingia ndani ya pleti moja na hutaliona kabisa. Kwa io mita 0.8 za chini weka safu 8 za sentimita 10, na mita 7.2 zilizobaki safu 18 za sentimita 40. Jumla safu 26, pleti 72 × 26 = 1872, nodi 72 × 27 = 1944. Andika hizi namba kwenye karatasi. Softiwea ikikwambia una nodi 1971, yaani zimezidi 27, basi ule mshono haujashikana, ni mstari mmoja wa wima umejirudia.

Hatua ya tatu: unene, chuma, na kipimo cha kwanza

Unene kwenye mita ni 0.006. Nimeona modeli yenye 6 peke yake, ukuta wa mita sita, na aliyeichora alikuwa anafurahi tanki halisogei. Ndo mana kipimo cha kwanza kabisa ni uzito. Weka lodi moja tu, uzito wa chuma chenyewe, piga analisisi, soma jumla ya riaksheni za chini (nguvu ambazo msingi unarudisha). Mkono unasema: mzingo 31.416 × urefu 8 = 251.3 m², mara 0.006 mara 78.5 (uzito wa chuma, kN kwa m³) = 118.4 kN. Softiwea lazima ije hapo hapo, 118 na pointi. Ikija 118,000 unajua umekosea yuniti. Ikija pungufu kuna pleti hazipo.

Halafu kitu cha huku kwetu. Hewa ya chumvi inakula chuma, mtu yeyote mwenye bati Shangani au Mikindani anajua. Modeli ya miaka ya mbele ichezwe na unene uliobaki. Uwezo wa ukuta wa duara kukataa kubonyea unakwenda na unene kwa kipeo cha 2.5, kwa io pleti ya 6 ikiliwa ikabaki 5, umepoteza asilimia 37 ya uwezo. Milimita moja tu!

Hatua ya nne: mwelekeo wa pleti

Hapa ndo nataka mtu atulie asome taratibu.

Kila pleti ina mhimili wake wa kutoka usoni kwake. STAAD inaitwa z ya pleti, SAP2000 inaitwa mhimili namba 3. Unaelekea wapi? Unategemea ulizitaja nodi zake kwa mpangilio gani, ukizunguka kulia au kushoto. Zungusha vidole vya mkono wa kulia kufuata nodi, dole gumba linaonyesha mhimili. Ukiweka presha ya pleti kwenye STAAD, namba chanya inasukuma kuelekea huko z inakoelekea. Sasa ukiwa na nusu ya tanki z inatoka nje na nusu nyingine z inaingia ndani, presha moja uliyoandika inasukuma upande mmoja na kuvuta upande mwingine, na softiwea haikwambii neno.

Hii ilinipata mimi. Tanki langu la pili kulifanya, ofisi niliyokuwepo wakati ule tulikuwa na haraka, nikachora nusu nikaakisi kwa kioo nikapata nusu ya pili. Kioo kinageuza mpangilio wa nodi, kwa io z zote za nusu ya pili zikageuka. Nikaweka presha, nikapata picha nzuri, nikaipeleka. Mzee mmoja injinia akaniuliza jumla ya nguvu ya upepo kuelekea X ni ngapi, nikafungua riaksheni, ikasoma namba ambayo haiingii akilini, na upande wa pembeni, ambako inatakiwa iwe sifuri kwa sababu tanki ni pacha kulia na kushoto, kulikuwa na nguvu kubwa. Hakunigombeza. Aliniambia nikae nizigeuze zote halafu nirudi na karatasi. Tangu siku hiyo sijawahi kupeleka modeli bila hiyo karatasi.

Kwa io washa maonyesho ya mihimili ya pleti, zungusha tanki lote kwa macho, hakikisha zote zinatoka nje. Zilizogeuka zigeuze, STAAD na SAP2000 zote zina amri ya kugeuza pleti zilizochaguliwa. Nyie mkinakili kwa mzunguko kama nilivosema hatua ya pili, zote zitakuwa sawa toka mwanzo.

SAP2000 ukitumia presha ya uso, unachagua uso wa juu au wa chini wa pleti, na namba chanya inasukuma kuingia kwenye pleti. Uso wa juu ni ule ulioko upande mhimili 3 unakoelekea. Kama mhimili unatoka nje, uso wa nje ndo wa juu, presha chanya pale inasukuma tanki ndani. Kwenye STAAD na z inayotoka nje, presha ya kusukuma ndani inaandikwa hasi. Andika hii kwenye kikaratasi ubandike pembeni ya kioo cha kompyuta.

Hatua ya tano: namba za upepo kuzunguka duara

Ukuta bapa upepo unausukuma mbele na kuuvuta nyuma, umemaliza. Duara sio hivo. Mbele kabisa presha ni kamili, 1.0. Ukizunguka inashuka haraka, ikifika kama nyuzi 40 ni sifuri, baada ya hapo inakuwa ni kuvuta, na kuvuta kukubwa zaidi kuko pembeni, kati ya nyuzi 75 na 90, halafu nyuma kunabaki kuvuta kidogo. Yaani sehemu kubwa ya tanki inavutwa nje, ni kipande cha mbele tu kinachosukumwa.

Eurocode ya silo, EN 1993-4-1, ina formula ya kitu cha duara kilichosimama peke yake, na mi naipenda mana unaitupa kwenye Excel inakwenda yenyewe. Cp ni namba unayozidisha na q kupata presha ya pale ukutani (chanya inasukuma ndani, hasi inavuta nje), θ ni pembe kutoka mbele kabisa. Weka k = kipenyo gawa kwa urefu, kwetu 10/8 = 1.25:

Cp = −0.54 + 0.16k + (0.28 + 0.04k) cos θ + (1.04 − 0.20k) cos 2θ + (0.36 − 0.05k) cos 3θ − (0.14 − 0.05k) cos 4θ

Kwa tanki letu inakuwa:

Cp = −0.34 + 0.33 cos θ + 0.79 cos 2θ + 0.2975 cos 3θ − 0.0775 cos 4θ

Na namba zake hizi hapa, mzilinganishe na za kwenu:

0° = +1.00
15° = +0.83
30° = +0.38
45° = −0.24
60° = −0.83
75° = −1.19
90° = −1.21
105° = −0.94
120° = −0.56
135° = −0.29
150° = −0.19
165° = −0.22
180° = −0.26

Kama tanki lako ni fupi na pana, urefu chini ya nusu ya kipenyo, tumia k = 2 usizidishe hapo. Na kama kuna matanki mawili au matatu jirani formula hii haikuhusu, upepo unabanwa katikati yao na namba zinabadilika.

Kwenye Excel tengeneza mistari 72, pembe ya katikati ya kila pleti: 2.5, 7.5, 12.5, mpaka 357.5. Zidisha Cp kwa q. Kila mstari unakuwa presha ya nguzo moja ya pleti kutoka chini mpaka juu (nimeacha q iwe moja kwa mita zote 8, kwa urefu huu sio dhambi, ila tanki la juu ya mnara ligawe kwa urefu). Panga pleti kwenye makundi 72 yenye namba, halafu bandika lodi moja kwa moja kwenye faili la maandishi la STAAD au kwenye jedwali la SAP2000. Usikae unabofya pleti moja moja, utakosea na hutajua wapi.

Zile amri za kutengeneza upepo zenyewe kwa kubofya mimi kwenye duara sizitumii. Zimetengenezwa kwa ajili ya majengo ya kuta na fremu, kwenye duara zitakupa kitu, ila kujua zimefanya nini ni kazi kubwa kuliko kuandika mwenyewe.

Usisahau ndani pia. Tanki lenye tundu dogo la hewa Eurocode 1991-1-4 inakupa mvuto wa ndani −0.4. Huo unavuta ukuta wote ndani sawasawa kuzunguka, kwa io unajumlika na presha ya mbele. Ufanye lodi yake peke yake.

Hatua ya sita: karatasi

Sasa kuna kitu kizuri sana kwenye ile formula. Ukijumlisha nguvu zote kuzunguka duara, ni kile kipande cha cos θ peke yake kinachosukuma tanki mbele. Vingine vyote, cos 2θ, cos 3θ, cos 4θ na ile namba ya mwanzo, vinafutana vyenyewe. Kwa io jumla ya upepo (H ni urefu wa tanki) ni:

F = q × π × R × H × 0.33 = 1.0 × 3.1416 × 5 × 8 × 0.33 = 41.5 kN

Piga analisisi na lodi ya upepo peke yake, soma riaksheni. Kuelekea upepo iwe 41.5 (kwa ishara ya kinyume, mana msingi unasukuma kurudi), pembeni sifuri, wima sifuri. Isipokuwa hivo, namba yenyewe inakwambia umekosea wapi. Ukipata sifuri kila mahali, umeweka presha moja kuzunguka duara lote. Ukipata 80, umeweka presha 1.0 nusu ya mbele yote, kama vile hakuna kushuka pembeni. Ukipata 125.7, umeweka hiyohiyo 1.0 nusu ya mbele ila kwa mhimili wa jengo zima badala ya mhimili wa pleti, softiwea imezidisha na eneo lote la hiyo nusu ya ukuta bila kujali limeinama. Ukipata 41.5 sahihi kabisa ila tanki linasogea kuelekea upepo unakotoka, z zako zote zimegeuka. Na kama pembeni sio sifuri, kuna baadhi zimegeuka, rudi hatua ya nne.

Hatua ya saba: kwa nini usifanye tanki kama fimbo

Kuna watu wanasema kwa nini kujisumbua, chukua 41.5 kN, mkono wake mita 4, momenti 166 kNm, fanya tanki kama fimbo iliyosimama, umemaliza. Sawa, tufanye. Nguvu ya kunyanyua mbele chini = M / (πR²) = 166 / 78.5 = 2.1 kN kwa mita. Uzito wa ukuta wenyewe ni 3.8 kN kwa mita. Kwa io hainyanyuki, hakuna haja ya bolti za nanga. Nimeiona hesabu hii kwenye kazi za watu, na inanitisha.

Vile vipande vingine vya kosaini vimefutana kwenye jumla lakini kwenye ukuta vipo, vinalivuta duara liwe yai. Hesabu ya utando wa ukuta mwembamba, juu wazi na chini umeshikwa wote, inasema kila kipande namba n (cha cos nθ) kinaleta nguvu ya wima chini ya n² × p × H² / (2R), p ikiwa ni namba ya kipande hicho mara q. Sasa hesabu: n = 1 inaleta 2.1, ileile ya fimbo. n = 2 inaleta 4 × 0.79 × 6.4 = 20.2. n = 3 inaleta 17.1. n = 4 inapunguza 7.9. Jumla mbele kabisa, karibu 31.5 kN kwa mita. Mara kumi na tano ya ile ya fimbo!

Kwa io kwenye modeli, kwanza ondoa paa kama umelichora, acha juu wazi, sapoti chini zishike wima kuzunguka kote, uone kama unapata namba ya jirani na 31.5. Ukipata, modeli yako inafanya kazi kama ukuta wa duara wa kweli. Halafu rudisha paa au pete ya chuma ya juu, utaona namba inashuka sana, mana pete inalizuia duara lisiwe yai. Ndo kazi ya ile pete, sio urembo. Na jamani hali ya juu wazi sio ya kufikirika, ni tanki lako siku ambayo mafundi wamemaliza kuchomelea ukuta, paa halijapanda, na upepo wa kusi umeanza. Ukiwa na bolti 24, moja kila nyuzi 15, umbali mita 1.31, bolti ya mbele inabeba karibu (31.5 − 3.8) × 1.31 = 36 kN. Ile hesabu ya fimbo ilisema sifuri.

Ukitaka kuona bolti kihalisi, shika wima nodi moja katika kila nodi tatu, na zile nyingine weka sapoti ya kubeba kushuka tu isiyozuia kunyanyuka. Ukishika kila nodi unaupa msingi nguvu ambazo haunazo.

Hatua ya nane: kubonyea

Analisisi ya kawaida haioni kubonyea. Itakupa stresi ndogo ndogo, utafurahi, na tanki litakunjika. Kama toleo lako lina analisisi ya kubonyea iwashe, na uwe na namba ya mkono pia. Ukuta ulioshikwa juu na chini, presha ya kubonyea (E ni kipimo cha ugumu wa chuma) ni kama 0.92 × E × (R/H) × (t/R)^2.5. Kwa pleti ya 6 ni 6.0 kN/m². Kwa pleti ya 3 ni 1.06 tu. Na ukuta wa kweli hauko duara kamili, umechomelewa juani, una mabonde, kwa kazi ya kawaida EN 1993-1-6 inakukata nusu. Kwa io ile ya 6 inabaki 3.0, ipo salama kwa upepo wetu, ile ya 3 inabaki 0.53 wakati upepo wa mbele pamoja na mvuto wa ndani ni 1.4. Hata kama presha ya upepo haiko sawa kuzunguka na unaruhusiwa kuipunguza, 0.53 haikufikishi. Fundi akikwambia pleti ya 3 mbona inatosha kwa maji, ni kweli kwa maji inaweza kutosha. Mwonyeshe hii.

Hatua ya mwisho: zungusha

Tanki lina mlango wa kuingilia, ngazi, mabomba, na matundu yote hayo ni sehemu dhaifu. Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki, wa kusi unatoka kusini, dharuba ya mvua inatoka inakotaka. Tengeneza angalau mielekeo 8. Na kwa sababu una mistari 72 ya Excel, kuzungusha nyuzi 45 ni kusogeza safu kwa mistari 9 tu, dakika mbili. Kila mwelekeo usome tena jumla, iwe 41.5 kwa mwelekeo wake (kwa nyuzi 45 ni 29.3 kwa X na 29.3 kwa mhimili wa pili). Changanya kila mmoja na tanki tupu lenye uzito wa chini kabisa, sio uzito wa juu, mana hapa uzito ndo rafiki yako.

Wenye maghala ya korosho yenye paa la mviringo, hatua ni hizihizi za mihimili na karatasi, ila namba za Cp ni nyingine. EN 1991-1-4 inaligawa tao la paa vipande vitatu, robo ya mbele, nusu ya katikati, robo ya nyuma, na kila kipande kina namba yake kutegemea tao limeinuka kiasi gani. Katikati ni kuvuta siku zote, kwa io angalieni bolti na skrubu za bati za pale juu kabisa, na ukikagua jumla hapo soma riaksheni ya wima kwanza, ndo itakayokwambia kama paa linanyanyuka.